Zaituni Anakaa Mwaliko

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ukiona inafanana na mahali unapopajua, laumu macho yako, mimi usiniguse. Mimi ni raia mwema. Kila nilipoambiwa nipige makofi nimepiga, na habari hii naitoa kwa nia moja tu, kuisifu serikali yetu kwa namna inavyowapata madaktari wake.

Zamani, kabla mambo hayajanyooka, mtu akitaka kusomea udaktari alipeleka maombi Chuo cha Taifa cha Tiba, akafanya mtihani, akifaulu akaingia. Uhuni mtupu! Mtu anaingia chuoni bila hata kuteseka. Wengi waliosoma kwa mtindo huo walipanda ndege wakaenda kutibu watu wa nchi za baridi, na hatujawatia machoni tena. Wakabaki madaktari kumi na mmoja, nchi nzima. Serikali ikaamua kwamba watu adimu namna hiyo hawawezi kuachwa washikweshikwe na wagonjwa. Wakaondolewa wodini, wakashonewa suti, wakaundwa kuwa Kamati ya Taifa ya Udahili, ili watuchagulie madaktari wapya kwa utulivu.

Waziri wa Afya na Subira, Mheshimiwa Ngwavi, alizindua utaratibu huo uwanjani. Hotuba yake imepakwa rangi kwenye ukuta wa hospitali kuu, pale ambapo zamani palikuwa na dirisha la dawa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mgonjwa wa nchi hii anafanya nini? Anasubiri! Anasubiri kadi, anasubiri kitanda, anasubiri dawa, anasubiri umeme urudi. Je, ni haki mgonjwa awe fundi wa kusubiri kuliko daktari wake? Si haki! Kuanzia leo, hakuna atakayeitwa daktari kabla hajasubiri mpaka magoti yamfe ganzi!"

Tulipiga makofi. Askari wa makofi alipoinua kirungu tuliongeza, alipokishusha tulinyamaza.

*

Utaratibu wenyewe ni mwepisi, hata mtoto anauelewa. Mwombaji akikubaliwa kuomba, anapewa koti jeupe la Chuo, kisha anakwenda nyumbani kukaa mwaliko. Anakaa kama mjane anavyokaa eda. Havuki kizingiti, haendi sokoni, haendi harusini, wala hazikani na mtu. Kazi yake ni kuwa ndani, koti limepigwa pasi, mpaka siku Kamati itakapokuja yenyewe kumfanyia usaili, na hiyo siku haitajwi. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwaka wa tatu. Msafara unapiga king'ora, Kamati inashuka, inabisha hodi mara moja tu, na mwombaji mwenyewe anafungua. Wanakaa, wanauliza, wanakula, wanaondoka. Wakimkosa, amejitoa kwa hiari yake.

Ndiyo maana kila nyumba yenye mwombaji ina kuku wa Kamati. Kuku huyo haliwi na mtu mwingine, hata iwe sikukuu. Nimewaona kuku wa Kamati waliozeeka mpaka wakaota upara, wanatembea uani kwa heshima zao, na mbwa wa mtaa wanawapisha.

Wapo wanaosema utaratibu una upendeleo. Waongo hao. Kamati ilipokwenda kumsaili mpwa wa Mheshimiwa Ngwavi ilimkosa kweli, maana alikuwa ng'ambo anacheza mpira na wala hakuwa ameomba. Lakini picha yake ilikuwepo ukutani. Wakaisaili picha. Ilijibu kila swali kwa utulivu, haikujikanyaga hata mara moja, ikapata alama za juu kuliko waombaji wote wa msimu ule. Sasa kosa la Kamati hapo ni lipi?

*

Zaituni Mbwana alikaa mwaliko Mtaa wa Vibanda Vinne, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na mama yake, Bi Mwanahawa. Alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Baba yake alikufa kwa ugonjwa ambao haujapata jina mpaka leo, kwa sababu siku hiyo hakuwepo mtu wa kuutaja. Zaituni alikuwa mdogo, lakini alikumbuka jinsi mama yake alivyomuuliza kila mtu mwenye koti jeupe pale hospitalini, akiwemo mfagiaji, "Mume wangu ana nini?" Tangu siku ile alitaka kuwa mtu wa kulijibu swali hilo, na hakutaka kuwa kitu kingine.

Mama yake alishona mito na kuijaza sufi. Zamani walisaidiana. Zaituni alipovaa koti alikatazwa, sufi isije ikanasa kwenye kitambaa cha serikali. Kwa hiyo Bi Mwanahawa alijaza peke yake, mlango wa chumba ameufunga ili sufi isimfikie mwombaji, na mwenyewe humo ndani anaivuta kila akipumua.

Kila asubuhi alipita Bwana Pongwa, Mkaguzi wa Kukaa, akasimama dirishani na fimbo yake ya kazi.

"Upo?"

"Nipo."

"Unasubiri?"

"Nasubiri."

"Subiri."

Basi, anakwenda dirisha la pili. Mazungumzo yao kwa muda wote ule yalikuwa hayo tu, na Bwana Pongwa alinieleza baadaye kwamba alimwona Zaituni kuwa binti mwenye adabu na maongezi mazuri.

King'ora kilipolia mbali, mtaa mzima ulirukaruka. Jirani yao, Bi Kidawa, alikimbia na makaa ya pasi, wengine walifagia mbele ya mlango, kuku alikamatwa akashikiwa kisu. Mara moja msafara ulipita moja kwa moja, ulikuwa unampeleka mke wa Mwenyekiti wa Kamati kusuka nywele. Kuku akaachiwa, akaenda zake kudonoa.

*

Kikohozi kilimwanza Bi Mwanahawa wakati wa mvua.

"Mama, hicho kifua twende tukakiangalie," Zaituni alisema.

"Twende wapi? Wewe utoke, halafu wao ndio wafike? Ni sufi tu imenikaa kooni."

"Mama, sufi haileti homa."

"Hujawa daktari bado, acha kunipima. Piga pasi koti lako."

Bi Kidawa alikuja, akamtazama shoga yake, akatoka uani. Aliporudi alikuwa amemshika kuku mabawa. "Mwanahawa, tumchinje huyu upate supu. Mwili wako umeisha."

Bi Mwanahawa alinyanyuka kitandani kwa hasira ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Muweke chini! Huyo ni kuku wa Kamati. Wakija niwape nini, maji ya moto?" Kuku akawekwa chini.

Bi Kidawa akajitolea kumpeleka yeye hospitalini. Walikwenda polepole, wakapumzika kila kona, wakafika, wakarudishwa. Mgonjwa hupokelewa akiletwa na ndugu wa damu, na Bi Kidawa alikuwa jirani wa miaka yote lakini hakuwa na hata tone la damu ya Bi Mwanahawa. Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa ndani amevaa koti.

Zaituni alifikia kusimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu vikiwa nje. Mama yake alimwona. "Ukitoka," alisema, "itakuwa baba yako amekufa bure na mimi nimejaza sufi bure. Rudi ndani." Alirudi. Usiniulize kwa nini alirudi. Wewe ungekuwa na mama wa namna ile ungerudi pia.

Asubuhi moja Bwana Pongwa alipita akauliza, "Upo?" Sauti ya Zaituni haikujibu. Alichungulia, akamwona amepiga magoti kitandani kwa mama yake, sikio kifuani. Midomo ya Bi Mwanahawa ilikuwa imebadilika rangi.

"Nimeuliza, upo?"

"Bwana Pongwa, nisaidie kumbeba."

"Mimi ni Mkaguzi wa Kukaa," alisema Bwana Pongwa. "Wa kubeba ni idara nyingine." Akatia alama ya kwamba yupo, akaenda zake.

Zaituni akatoka. Alivuka kizingiti na koti lake, mchana kweupe, na majirani wakashika midomo. Alimwita Shomvi, mwenye mkokoteni wa kubebea mafurushi ya sufi, wakamlaza Bi Mwanahawa juu ya mito yake mwenyewe, wakaanza safari.

*

Hawakuwa wamefika mbali kabla king'ora hakijalia. Nchini kwetu msafara ukipita, kila kitu kinaingia mtaroni na kila mtu anatazama chini. Shomvi, ambaye ana watoto wanne na hataki makuu, akauingiza mkokoteni mtaroni haraka mpaka mgonjwa akataka kudondoka. Zaituni hakuingia mtaroni. Alisimama katikati ya barabara na mikono ameinyoosha.

Magari meusi yakafunga breki. Kioo cha gari la mbele kikashuka kidogo, na ndani akaonekana Profesa Mkingule, Mwenyekiti wa Kamati, daktari wa vifua aliyesifika sana enzi alizokuwa akigusa vifua.

"Shikamooni waheshimiwa! Mama yangu hawezi kupumua. Yuko hapo mtaroni. Mtazameni kidogo tu, nawaomba."

"Binti, unazuia kazi ya taifa. Tunawahi usaili."

"Usaili wa nani, mheshimiwa?"

Profesa aligeuka, katibu akamnong'oneza, naye akajibu, "Wa Zaituni Mbwana, Vibanda Vinne."

"Ndiye mimi!"

Ndani ya gari wakashauriana. Ulikuwa mjadala mzuri, wa kitaalamu. Kisha Profesa akatoa jibu. "Haiwezekani. Zaituni Mbwana ni mwombaji. Mwombaji yuko nyumbani kwake. Wewe uko barabarani. Kwa hiyo wewe siye."

"Tazameni koti, basi!"

"Tumeliona. Katibu, tukifika tumuulize Zaituni imekuwaje koti lake likaibiwa."

Zaituni akapiga magoti kwenye lami. "Basi mimi siye. Niwe yeyote mtakayependa. Huyu ni mgonjwa, nyinyi ni madaktari. Msikilizeni mapafu tu, mniambie ana nini."

Nasikia kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na daktari mmoja ambaye mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni, kutafuta kile kipimo cha kusikilizia kifua. Ulikuta vijiti vya kuchokolea meno. Ukarudi.

"Sisi tuko kwenye kikao," alisema Profesa Mkingule. "Kikao kilifunguliwa tulipoingia garini, na katika ajenda hakuna mgonjwa."

Kutoka mtaroni ikaja sauti ya Bi Mwanahawa, nyembamba. "Zaituni. Kata uchochoro wa kinu cha unga, utafika kabla yao. Kimbia, mwanangu. Shomvi atanipeleka mimi."

"Mwaona," Profesa aliwaambia wenzake, "ugonjwa umempanda kichwani, anamwita huyu Zaituni." Kioo kikapanda, askari wakamsogeza binti pembeni, magari yakaondoka kwa kasi kuelekea Vibanda Vinne.

Uchochoro wa kinu cha unga ni mfupi kweli. Miguu ya Zaituni ilikuwa na nguvu, na angefika, angejifuta jasho, angefungua mlango. Alilitazama vumbi la magari, akamtazama mama yake.

"Sukuma, Shomvi," alisema.

*

Hospitali yetu kuu ni nzuri, mgeni yeyote anaisifu. Ina mabenchi mengi kuliko hospitali zote za ukanda huu, kila benchi limepewa jina la kiongozi. Bi Mwanahawa alilazwa kwenye benchi la Mheshimiwa Ngwavi.

"Ndugu wa damu yupo?" nesi aliuliza.

"Ndiye mimi. Nesi, anahitaji hewa. Anahitaji daktari sasa hivi."

"Mtungi wa hewa ule pale, lakini umefungwa minyororo na funguo anazo daktari. Madaktari wametoka. Wamekwenda kwa mwombaji mmoja, Zaituni Mbwana."

Zaituni akautazama mtungi. Kisha akauliza, "Na kama hayupo?"

"Atakuwepo. Hao siku zote wapo. Subiri."

Akaufuata mtungi, akaivuta minyororo kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu, kifungo kimoja cha koti kikaruka kikapotelea chini ya mabenchi. Mlinzi akamrudisha kwenye benchi kwa upole, akamweleza kwamba mtungi ule ulizinduliwa na waziri na haujazinduliwa kwa matumizi.

Hapa naomba ruhusa ya kukasirika kidogo, halafu nitaendelea kusifu. Ule mtungi ulikuwa umejaa. Nilikwenda baadaye nikautazama mwenyewe, nikaona mshale wake. Umejaa pomoni, na mwanamke amelala hatua chache kutoka pale anatafuta pumzi kwa mabega. Nimemaliza. Serikali yetu oyee.

Zaituni alivua koti akamfunika mama yake, maana alikuwa anatetemeka. Bi Mwanahawa akaligusa kwa vidole, akatabasamu. Hakujua tena yuko wapi.

"Wamefika?"

"Wamefika, mama."

"Umewafungulia?"

"Nimewafungulia."

"Kuku ametosha?"

"Ametosha. Wanakula."

"Waongezee mchuzi," alisema Bi Mwanahawa, na hakusema tena.

Nesi alipopita akamtazama, akaondoka akarudi na kadi ya namba yake kwenye foleni. Zaituni aliishika.

*

Na kweli walikuwa wanakula. Wakati Shomvi anausukuma mkokoteni kurudi Vibanda Vinne, mwili umefunikwa koti jeupe, Kamati ilikuwa imekwisha kuondoka, na Bi Kidawa alikuwa mlangoni amejishika kichwa. Aliyaona yale yaliyoko juu ya mito, akapiga yowe. Kisha akaanza kusema bila kupumzika, kama mtu anayeogopa kuulizwa.

"Walibisha hodi, nikawafungulia mimi. Nikawaambia Zaituni amempeleka mama yake hospitali. Wakacheka, Zaituni! Wakacheka! Yule mkubwa wao akasema, hospitali kufuata nini, na madaktari wote tuko hapa? Mwenzake akaandika, akamsomea kwa sauti: mwombaji hana uelewa wa hali halisi ya sekta ya afya. Nikawaambia waheshimiwa, msiondoke, kuku yupo. Nikamchinja, mwanangu. Nilijua wakila taratibu utawahi. Nikawapikia kwa moto mdogo, makusudi."

Walikula. Kuku alikuwa mzee, nyama ngumu, na jino la bandia la Profesa Mkingule likang'oka kwenye paja. Akashika shavu, akauliza kwa ukali kama mtaa huu hauna hata daktari mmoja. Bi Kidawa alimjibu hauna. Profesa akasema hali hiyo ni ya aibu na kwamba Kamati inalifanyia kazi.

Wanawake wa mtaa walikuwa wameanza kuingia kumuosha marehemu, ndipo Bwana Pongwa akafika. Safari hii hakusimama dirishani. Alivua viatu, akatoa pole kwa maneno yote yanayostahili, akasema kila nafsi ina siku yake. Kisha akakohoa kidogo.

"Lile koti," alisema, "ni mali ya Chuo."

Akaenda mwenyewe, akalitoa juu ya maiti, akalikung'uta sufi, akahesabu vifungo. Kimepungua kimoja. Akamwambia Zaituni asijali, ataeleza ofisini kwamba kimepotea katika mazingira ya msiba. Ni mtu mwenye utu, Bwana Pongwa.

Zaituni alimtazama. "Mama yangu alikuwa na nini?" aliuliza.

"Mimi ni Mkaguzi wa Kukaa," alisema Bwana Pongwa, na akavaa viatu vyake.

*

Koti halikukaa bure. Rehani, binti wa Bi Kidawa, alikuwa amefaulu vizuri mwaka ule, na wa kwanza kwenye orodha ya mtaa alikuwa yeye. Najua unamshangaa Bi Kidawa. Alilia siku zote za matanga, akaapa kwamba mwanawe havai kitu kile. Kisha akaliloweka, akalifua, akashona kifungo kipya. Mtaa hauna daktari, alisema, na aliyekufa amemwona kwa macho yake. Ataanzaje kumzuia mwanawe?

Ili wajikimu wakati wa kusubiri, ameichukua kazi ya mito ya marehemu, na amenunua kifaranga, wa kike, mwenye afya.

Jana nilipita mtaani. Bwana Pongwa alikuwa dirishani, "Upo?" na ndani sauti changa, safi, "Nipo." Uani, Zaituni alikuwa amekaa mkekani anamsaidia Bi Kidawa kujaza sufi, kwa kuwa sasa hana koti la kuchafua. Bi Kidawa alikohoa, akageuka pembeni, akakohoa tena kwa muda mrefu. Zaituni aliacha mto, akamwekea sikio mgongoni, akasikiliza.

"Bi Kidawa," alisema, "hiyo si sufi."

Bi Kidawa alitazama kwanza dirishani kwa mwanawe, kisha akamshika Zaituni mkono, akaukandamiza.

"Ni sufi tu, mwanangu," alinong'ona. "Usimwambie Rehani."